UZI: Noti za juu kwenye tromboni. Tuache kubana mauthipisi kwenye meno

Tromboni_Tukuyu:

Habari za jioni wakuu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wapiga tromboni wa bendi za tarumbeta za makanisani, Wamoravian na Walutheri, kuanzia Kyela kupanda mpaka Iringa. Wa bendi nyingine pia karibuni.

Kwaresima imeanza, mazoezi ya Pasaka yamepamba moto, na kila ushirika ninaopita namkuta kijana mwenye alama nyekundu ya duara mdomoni, mishipa ya shingo imesimama, anaitafuta F na G ya juu. Zinatoka mbili tatu, inayofuata inapasuka. Beti la pili likiisha midomo imevimba. Na huyo ndiye tunayemtegemea alfajiri ya Pasaka makaburini, saa ambayo hakuna spika wala kinanda, ni tarumbeta na watu tu.

Msimamo wangu ni huu: noti ya juu haitoki kwa nguvu ya mkono wa kushoto unaobana mauthipisi, kile kikombe cha chuma cha kuwekea midomo. Kinachotoa sauti kwenye chombo hiki ni midomo inayotetemeka. Ukipiga B-flati iliyo chini kidogo ya C ya katikati, midomo inafunguka na kufunga kama mara 233 kwa sekunde moja. B-flati ya oktavu ya juu yake ni kama mara 466. Nyama ileile inatakiwa itetemeke haraka mara mbili. Sasa wewe umeigandamiza kati ya chuma na meno, damu haipiti, itatetemekaje? Mgandamizo unakusaidia kupata noti moja au mbili kwa sababu unaukaza mdomo kwa nje, lakini unakopa kwenye uvumilivu wako, na deni lenyewe unalilipa kabla ya wimbo kuisha.

Kinachotakiwa kupanda ni vitu vitatu, na vyote viko ndani ya mwili wako.

Cha kwanza ni midomo yenyewe. Sehemu inayotetemeka inapungua na kukaza kidogo, na tundu la kupitisha hewa linakuwa dogo. Kazi hiyo inafanywa na misuli ya pembe za mdomo. Katikati panabaki laini.

Cha pili ni hewa, na hapa walimu wengi tunawachanganya watoto tunapowaambia "puliza zaidi". Noti ya juu haihitaji hewa nyingi zaidi. Inahitaji hewa yenye msukumo mkubwa zaidi, ila kiasi kinachopita ni kidogo kuliko noti ya chini ya ukubwa uleule wa sauti. Anayemwaga hewa nyingi kwenye tundu dogo analilazimisha tundu lifunguke, noti inadondoka, naye anajibu kwa kubana mauthipisi. Ndiyo chanzo cha ugonjwa wote huu.

Cha tatu ni ulimi. Sema "aaa" halafu "iii" bila kusogeza taya, utausikia ulimi ukipanda. Huko Göttingen, Ujerumani, wapiga honi waliingizwa kwenye mashine ya MRI wakapigwa picha wakiwa wanapuliza, na picha zikaonyesha ulimi ukipanda kadiri noti zinavyopanda. Honi na tromboni ni ndugu, jaribuni wenyewe mtaona.

Zoezi ninalolisisitiza ni la kuunganisha noti kwa midomo bila kugusa ulimi. Anza pozisheni ya 7, yaani slaidi (bomba la kuteleza) ikiwa imesukumwa nje kabisa: E, G-shapu, B, rudi G-shapu, E. Watoto wenye mikono mifupi waanze ya 6: F, A, C. Kisha sogea ndani pozisheni moja moja mpaka ufike ya 1, ambako itakuwa B-flati, D, F. Yote kwa sauti ndogo. Nasema tena, KWA SAUTI NDOGO. Noti inayotoka tu ukiipiga kwa nguvu bado hujaipata.

Ukishaizoea F, nenda zoezi la slaidi. Piga G ya juu kwenye pozisheni ya 4, usikate hewa, kisha vuta slaidi ndani taratibu: ya 3 utapata A-flati, ya 2 utapata A, ya 1 utapata B-flati. Slaidi ndiyo inayopandisha noti, midomo inafuata tu. Vijana wengi hupata B-flati yao ya kwanza yenye sauti nzuri kwa njia hii, na wanashangaa kwamba mkono wa kushoto haukuvuta kitu.

Pumzika muda sawa na ule uliopiga. Ukisikia kizunguzungu, kaa chini, umefunga koo. Karibuni tujadili.

Kamwene_Kihesa:

Kamwene mwalimu, ubarikiwe kwa uzi. Mimi ni dada, napiga tromboni usharika mmoja hapa Iringa mjini, sauti ya pili. Kwetu tulifundishwa kwamba noti ikipanda unatabasamu. Kwa kweli zinatoka, ila sauti inakuwa nyembamba, na nikifika beti la tatu mashavu yanatetemeka. Hizo pembe za mdomo unazozisema si ndiyo kutabasamu kwenyewe?

Tromboni_Tukuyu:

Hapana dada, na nafurahi umeuliza. Ukitabasamu, pembe zinakimbia kwenda masikioni na mdomo unavutwa ukawa mwembamba. Noti inapanda, ni kweli, ila nyama ya kutetemeka imebaki kidogo na haina mto wa kuilinda na chuma. Ndiyo maana sauti yako inakuwa nyembamba na unachoka.

Pembe zinatakiwa zikaze palepale zilipo, zielekee ndani na chini kidogo. Tamka herufi M, midomo ikutane bila kuminyana, halafu puliza kama unataka kusema "pu". Kidevu kiwe bapa, kisijikunje. Simama mbele ya kioo, piga F ya juu, utaona kama pembe zimekimbia.

Kingine: lishike chombo kwa wepesi. Mkono wa kushoto ubebe uzito tu. Jaribu kupiga noti za katikati huku unalegeza mauthipisi mpaka hewa ianze kuvuja pembeni, kisha rudisha kidogo sana, mpaka isivuje. Hicho ndicho kiasi cha mgandamizo unachohitaji. Juu kitaongezeka kidogo, siwezi kukudanganya kwamba ni sifuri, ila hakifiki hata nusu ya unachotumia sasa.

Mzee_wa_Rungwe:

Wanangu, nawasalimu wote.

Mwalimu wa Tukuyu amesema vizuri kuhusu midomo, nami sina la kupinga hapo. Ila kuna jambo linanikera kwenye bendi zetu na nitalisema. Mnawapa vijana sauti ambazo tromboni ya teno haikuandikiwa.

Sisi Wamoravian tarumbeta tumezaliwa nazo. Ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Wenzetu wa Bethlehem, Pennsylvania, walipata tromboni zao mwaka 1754, na zilikuwa kwaya kamili: tromboni ya soprano, ya alto, ya teno na ya besi, kila sauti na chombo chake. Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na kanisa lenye desturi hiyo. Sasa angalieni bendi ya leo. Tarumbeta ndogo zimeharibika vali, imebaki moja au haipo, basi mwalimu anachukua sauti ya alto yote na kumpa kijana wa tromboni ya teno. Wimbo uko F. Alto inacheza kati ya F na A ya juu kuanzia beti la kwanza mpaka la tano. Halafu tunamlaumu kijana kwamba hana midomo!

Msibani ndiyo balaa kabisa. Bendi inapiga tangu asubuhi nyumbani, inapiga njiani, inapiga kaburini watu wakifukia, na wimbo unaendelea mpaka mashada yaishe. Hakuna zoezi duniani litakalomfanya mtoto wa miaka 16 akae juu ya F kwa saa zote hizo.

Mwalimu wa bendi apange. Wawili wapokezane, beti huyu, beti yule. Asiyekuwepo wa kupokezana, sauti ishushwe oktavu pale inapowezekana bila kuivuruga teno. Kwaya zetu zinasoma sol-fa, jambo ambalo ni baraka kubwa hapa: do inahama, unaiweka kwenye noti yoyote. Wimbo ulioandikwa do ni F, ufanye do ni E-flati. Kwaya haitaona tofauti, na mtu wa alto amepunguziwa toni nzima.

Bendi_Mwanjelwa:

Wadau, mimi napiga kwenye bendi ya harusi hapa Mbeya mjini. Nakubaliana na mzee, ila msisahau mauthipisi. Nilikuwa natumia mauthipisi kubwa ya kampuni ya Bach, 6½AL, nikahamia ndogo, 12C, B-flati ikawa inatoka kama mchezo. Nashauri wote mnaohangaika mbadilishe mauthipisi, msihangaike na mazoezi ya miezi.

Tromboni_Tukuyu:

Kaka, hapo tutatofautiana kidogo. 12C ina duara la upana wa kama milimita 24.5 na kikombe kifupi, 6½AL ni kama milimita 25.4 na kikombe kirefu. Ni kweli ndogo inasaidia juu, na kwa mtu wa harusi anayepiga sauti kali usiku kucha ni chaguo halali kabisa. Sikatai.

Ila kijana wa bendi ya kanisa anapiga alto beti hili, beti lijalo anaombwa ashuke kwenye teno. Kikombe kifupi kinamnyang'anya unene wa sauti kule chini, na sauti ya bendi nzima inakuwa kali. Pia anayebana ataendelea kubana, tofauti ni kwamba atabana kwenye duara dogo zaidi. Kwanza ajenge midomo kwa mauthipisi ya wastani. Akishaipata F na G kwa sauti ndogo bila alama mdomoni, hapo ajaribu nyingine akipenda.

Na kabla ya kununua, mwangalie mguu wa mauthipisi, ile sehemu inayoingia kwenye chombo. Kuna tromboni za mguu mwembamba na za mguu mnene. Mwembamba ukiingia kwenye chombo cha mguu mnene unacheza, na mnene hauingii vizuri kwenye chombo chembamba, unabaki nje. Chombo kitapoteza ulinganifu wa noti, hasa kule juu.

Bendi_Mwanjelwa:

Sawa mkuu, hilo la chini nimelielewa. Kweli nikipiga B-flati ya chini siku hizi inakuwa nyembamba. Ngoja nirudie zoezi la pozisheni ya 7 kwa sauti ndogo.

Makete_Baridi:

Wakuu, swali. Sisi huku Makete tuko juu sana, hewa ni nyepesi, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali mpaka majani yanakuwa meupe. Noti za juu asubuhi hazitoki kabisa na bendi nzima inalia chini ya kinanda. Je, ni kwa sababu ya mwinuko?

Tromboni_Tukuyu:

Swali zuri sana. Mwinuko wenyewe haushushi noti. Kasi ya sauti kwenye hewa haitegemei hewa ni nzito au nyepesi kwa sababu ya mwinuko, inategemea joto. Kila digrii moja ya joto inaongeza kasi kwa kama mita 0.6 kwa sekunde, na kwenye tarumbeta hiyo ni kama senti 3, ukichukulia nusu toni kuwa senti 100. Hewa ndani ya bomba ikiwa na digrii 10 pungufu, umeshuka kama senti 30. Ndiyo maana kinanda cha umeme kinabaki palepale na ninyi mnalia chini yake.

Dawa yake ni pumzi. Pitisheni hewa ya moto ndani ya vyombo kimyakimya kwa dakika kadhaa kabla ya kupiga, na kila mnaposubiri mahubiri yaishe rudieni. Mauthipisi ikae mfukoni au mkononi, isikae kwenye chombo. Chuma cha baridi kinaikaza midomo, na midomo iliyokaza haitetemeki. Kuingiza slaidi ya kulinganisha (bomba la kurekebishia noti) kunasaidia, ila usiitumie kabla chombo hakijapata moto, la sivyo jua likitoka mtakuwa juu ya kinanda.

Mwinuko unaathiri mwili tu. Mtu wa Kyela, karibu mita 500, akipanda kuja kupiga huko kwenu atahema mapema na kukata misemo ya wimbo katikati. Ninyi wenyeji mmeshazoea.

Fundi_Uyole:

Naongezea jambo moja ambalo watu hawaliangalii. Vyombo vingi vya sharika zetu vilikuja vikiwa vimeshatumika. Kabla hujamlaumu mpigaji, angalia kama chombo kinavuja. Kijitundu kidogo kwenye kizibo cha kutolea maji chini ya slaidi kinatosha kuziyumbisha noti za juu, huku za chini zikitoka vizuri tu, ndiyo maana watu hawashtuki.

Kupima ni rahisi. Chomoa slaidi kutoka kwenye kengele (ile sehemu yenye mdomo mpana wa kutolea sauti), iache na mauthipisi yake. Ziba kwa kiganja bomba linaloingia kwenye kengele, kisha puliza polepole. Hewa isitoke popote. Ikitoka chini, badilisha kizibo, kipande cha gozi laini au cha raba kilichokatwa vizuri kinatosha mpaka upate chenyewe. Ikitoka kati ya mabomba ya slaidi, hapo slaidi imelika au imepinda, mpelekee fundi, usiipigepige nyundo nyumbani. Na tafadhali msipake mafuta ya kupikia kwenye slaidi. Yanaganda, yanashika vumbi, na yanakula chuma.

Kamwene_Kihesa:

Ndugu zangu, nimejaribu kioo. Pembe zilikuwa zinakimbia kweli! Nikizituliza, F inatoka kwa sauti ndogo bila shida. Sasa tatizo limehamia kwenye G. Napiga pozisheni ya 2 kama chati ya ukutani inavyosema, inatoka, ila mwalimu ananiambia iko chini. Nikikaza midomo ipande, inaruka inakwenda A.

Tromboni_Tukuyu:

Dada, masikio ya mwalimu wako ni mazima. Hiyo G ya pozisheni ya 2 ni noti ya saba kwenye ngazi ya noti za midomo, yaani zile unazozipata bila kusogeza slaidi, na noti ya saba kwa asili yake iko chini kwa kama senti 31 kwenye kila chombo cha tarumbeta. Hakuna midomo itakayoirekebisha, na ukiilazimisha ndiyo inarukia ya nane, yaani A. Irekebishe kwa slaidi: vuta ndani kutoka pozisheni ya 2 kama sentimita 2 na nusu. Sasa hivi pozisheni ya 2 uliyoizoea ni kama sentimita 8 kutoka ya 1, kwa hiyo G utaikuta kama sentimita 5 na nusu. Sikiliza, usipime kwa macho.

F-shapu ya pozisheni ya 3 ni hivyohivyo, vuta ndani. A-flati usiipige ya 1, maana huko hakuna pa kuvuta. Ipige ya 3. D iliyo juu ya C ya katikati nayo iko chini kidogo kwenye ya 1, na wimbo ukikuruhusu ipige ya 4. F yenyewe kwenye vyombo vingi iko juu kwa nukta, sukuma slaidi nje kidogo.

Ukiwa na nafasi kwenye wimbo wa polepole, G ipige pozisheni ya 4. Hiyo iko sawa bila marekebisho, ni ileile ya zoezi la slaidi. Wimbo ukiwa wa haraka na unatoka F kwenda G kurudi F, baki na ya 2 iliyovutwa, mkono hautachelewa.

Kamwene_Kihesa:

Mungu akubariki mwalimu. La mwisho: Ijumaa Kuu tuna wimbo ulio do ni F, alto yote ni yangu, beti sita, na hakuna wa kupokezana. Tarumbeta ndogo iko moja na inapiga soprano.

Mzee_wa_Rungwe:

Binti yangu, mwombe mwalimu wa kwaya ashushe do iwe E-flati. Noti yako ya juu kabisa itakuwa G badala ya A.

Tromboni_Tukuyu:

Fanya kama mzee alivyosema, kisha gawa beti. La kwanza na la sita piga alto yako juu, bendi nzima. La pili na la tano piga oktavu ya chini pamoja na besi pale ambapo alto na teno hazigongani, pengine nyamaza. La tatu na la nne ombeni kwaya iimbe bila tarumbeta, nanyi mshushe vyombo mapajani, mtoe maji, mpitishe hewa ya moto. Siku ya Alhamisi usifanye mazoezi ya juu kabisa. Piga noti ndefu za katikati kwa sauti ndogo, kama robo saa, ufunge chombo.

Kamwene_Kihesa:

Nimeandika yote. Kesho jioni namfuata mwalimu wa kwaya na hiyo E-flati.